Sebule ya futi 10 kwa 12 na meza ya chakula: pima kiti kinaporudi nyuma

"Fundi, meza imeingia. Sisi ndio hatuingii."

Aliyeniambia hivyo ni mama mmoja wa Ilomba, hapa Mbeya. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake na sikuona pa kukanyaga. Meza ya watu 6, kioo juu, ilikuwa imekaa katikati ya sebule. Makochi yalisukumwa mpaka yakaziba nusu ya dirisha. Juu ya meza zimerundikwa nguo za kupigwa pasi, na watoto walikuwa wanakula jikoni, sahani mapajani. Meza aliyoilipia kwa miezi kadhaa ili familia ile pamoja ndiyo iliyowatawanya.

Mimi ni seremala, na karakana yangu haiko mbali na Mwanjelwa. Kazi ninazoletewa zaidi siku hizi ni za namna hii: nyumba ya kupanga ya chumba na sebule, au nyumba ya mtu mwenyewe lakini sebule ni futi 10 kwa 12, na watu wanataka kula mezani. Nalichukulia jambo hili kwa uzito. Huku kwetu mwezi wa 6 na wa 7 usiku unashuka chini ya nyuzi 10, hakuna wa kukaa nje barazani na sahani. Maisha yote ya jioni yanaingia sebuleni: chakula, taarifa ya habari, kazi za shule za watoto. Meza nzuri hubeba yote hayo. Nitakueleza ninavyofanya kuanzia kupima hadi kupaka vanishi, ili ufanye mwenyewe kama una mkono wa useremala, au umsimamie fundi wako ukijua unachotaka.

Hatua ya 1: Pima sebule ikiwa na vitu vyake

Mteja akinipigia simu husema "sebule ni 10 kwa 12". Hicho ni kipimo cha ramani. Lipu imekula sehemu yake, na kuta zetu za tofali za kuchoma mara nyingi hazijanyooka. Pembe moja inaweza kutofautiana na nyingine kwa sentimita 4 au 5. Chukua futi kamba, pima ukuta kwa ukuta usawa wa sakafu, halafu usawa wa kiuno. Andika kipimo kidogo zaidi. Tumia sentimita, maana inchi na sehemu zake huwachanganya wengi. Futi 10 kwa 12 ni kama sentimita 305 kwa 366.

Sasa chukua daftari la hesabu la mtoto, lile lenye vyumba vidogo vidogo, fungua kurasa mbili zinazotazamana, kila chumba kihesabu sentimita 10. Chora kuta. Chora kila mlango pamoja na njia yake ya kufungukia: mlango wa upana wa sentimita 80 unaofungukia ndani unafagia robo duara ya sentimita 80, na ndani ya robo hiyo hakikai kitu. Weka madirisha, soketi na swichi. Kisha chora makochi, stendi ya TV, kabati la vyombo, friji kama iko hapo.

Halafu chora njia za watu. Huu ndio mstari ambao wengi wanausahau. Kutoka mlango mkubwa kwenda jikoni kuna njia. Kutoka sebuleni kwenda chumbani kuna njia. Mtu anayepita mikono mitupu anahitaji sentimita 60. Anayebeba ndoo ya maji au sinia la chakula anahitaji 75. Njia hizo zipake rangi ya penseli, na meza isiziguse.

Kabla hujafunga futi kamba, pima pia mlango wenyewe wa kuingilia, upana na kimo, na korido kama ipo. Miaka mingi iliyopita nilitengeneza meza ya mninga ya mteja mmoja, miguu nimeigandisha kwa gundi na ulimi, nikaipeleka kwa bajaji ya mizigo. Haikupita mlangoni. Tuliigeuza kila upande mpaka jua likazama, na mwishowe nikaikata miguu mwenyewe kwa msumeno mbele ya mwenye mali. Niliumia sana siku ile. Tangu hapo meza yoyote kubwa inayotoka kwangu ina bolti: miguu inatoka, inaingia.

Hatua ya 2: Hesabu wanaokula kila siku

Usihesabu wageni wa Krismasi. Hesabu wanaokula usiku wa Jumanne. Mtu mzima mmoja anahitaji sentimita 60 za ukingo wa meza ili viwiko visigongane. Mtoto wa shule ya msingi anatosheka na 50. Kwenda mbele, kila sahani inahitaji kama sentimita 35, na katikati pabaki pa kuweka bakuli la mboga na hotipoti. Ndiyo maana meza ya watu wanaotazamana ikiwa chini ya upana wa sentimita 75 inabana.

Familia ya watu 4 au 5 inatosha kwenye meza ya 75 kwa 110 kama watoto wanabanana kwenye benchi. Kimo cha meza ni sentimita 75, na kiti chake kiwe na kikalio cha 45. Tofauti ya 30 kati ya kikalio na uso wa meza ndiyo inayomfanya mtu ale bila kuinama wala kuinua mabega. Kochi la kawaida liko chini ya hapo, na likikaliwa linazama zaidi. Kwa hiyo usipange kwamba upande mmoja wa meza watu watakaa kwenye kochi. Nimeombwa hivyo mara nyingi na kila mara nimekataa, kwa sababu mezani kidevu kinakuwa karibu na sahani.

Kama utatumia viti vya plastiki ulivyonavyo, angalia vyenye mikono. Mikono yake mara nyingi inagonga ubao wa chini ya meza, kiti hakiingii ndani, na ukipoteza hiyo umepoteza sentimita 30 za sebule usiku na mchana. Visivyo na mikono ndivyo vinavyofaa.

Hatua ya 3: Tandika kanga sakafuni

Kanga ya kawaida ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Ikunje mara moja urefu ukutane nusu kwa nusu: umepata 75 kwa 110. Ndiyo meza yako. Itandike sakafuni pale unapoitaka meza, ibandike pembe kwa soltepu, kisha weka viti kuizunguka na mwite kila mtu wa nyumbani akae.

Sasa mwambie mmoja asimame aende kunawa.

Hapa ndipo ukweli unapotokea. Kiti kikiwa kimekaliwa kinatoka nje ya ukingo wa meza kama sentimita 45 hadi 50. Lakini anayesimama anakisukuma nyuma mpaka 75. Kama nyuma yake ni ukuta ulio sentimita 60 kutoka mezani, ataweza kukaa kwa kuingia kwa ubavu, lakini kusimama atabanwa. Kama nyuma yake ni njia ya kwenda jikoni, jumla inataka kama 110 ili mwingine apite wakati yeye amekaa. Nafasi ya meza ni hiyo ya kiti kinaporudi nyuma. Mbao zenyewe ni sehemu ndogo tu ya hesabu.

Turudi Ilomba. Meza yake ilikuwa 150 kwa 90, imewekwa katikati. Ongeza 75 za kiti upande huu na 75 upande ule: 90 na 150 ni 240. Upana wa sebule ni 305. Zimebaki sentimita 65, na kochi peke yake lina kina cha 85. Hapakuwa na namna ya kupanga ambayo ingefaulu, hata angekuja fundi gani. Nilimwonyesha hesabu hiyo kwenye daftari la mwanawe wa darasa la tano, akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, ningetandika kanga kwanza."

Acha kanga hapo siku mbili. Ipite ukienda chumbani usiku. Ukiikanyaga, meza hiyo utaigonga.

Hatua ya 4: Amua kinachotoka

Sebule ndogo haiwezi kubeba seti kamili ya makochi ya watu 7, stuli 4, meza fupi ya katikati, kabati la vyombo na meza ya chakula. Lazima kitu kitoke, na mimi huanza na kochi moja la mtu mmoja. Linakula karibu sentimita 90 kwa 85, na kwa kawaida anayekaa hapo ni mtu mmoja au hakuna. La pili kutoka ni ile meza fupi ya katikati ya makochi: kazi yake itafanywa na meza mpya.

Najua makochi ni heshima ya nyumba, na wengine waliyapata kwa harusi. Silazimishi. Lakini ukikataa kutoa chochote, rudi kwenye daftari lako uone meza inaingia wapi. Hesabu itakujibu bila mimi.

Hatua ya 5: Chagua aina ya meza

Meza ya duara ya kipenyo cha sentimita 90 yenye mguu mmoja katikati inakaa watu 4 na haina pembe za kugonga mapaja. Inafaa sebule ya mraba, mfano futi 12 kwa 12, yenye kona isiyopitwa. Ubaya wake ni kwamba haikai vizuri ukutani, kwa hiyo nafasi iliyo nyuma yake inapotea.

Ubao wa kukunja uliofungwa ukutani moja kwa moja, usio na mguu wowote, unawapendeza vijana wa nyumba za kupanga kwa sababu haugusi sakafu. Mimi ninaufanya kwa watu 2 tu, na kwenye ukuta wa tofali za kuchoma au tofali za saruji zilizoshika vizuri. Ukuta wa tofali mbichi hauna nguvu ya kushika skrubu ikiwa mtu ameegemea viwiko viwili. Na mwenye nyumba umwombe ruhusa kabla hujatoboa.

Ninayoipenda kwa sebule ya 10 kwa 12, na nitakayokuelekeza, ni meza ya bawa: nusu yake imesimama ukutani muda wote, nusu nyingine ni bawa linaloning'inia kwa bawaba, linainuliwa wakati wa kula na kushikwa na mguu unaofunguka kama geti. Ikikunjwa inatoka ukutani sentimita 40 tu. Ikifunguliwa inafika kama 76. Fanya hesabu kwa upana wa 305: kochi upande wa pili 85, meza iliyofunguliwa 76, zinabaki 144. Hapo kiti kinarudi nyuma 75 na bado kuna karibu 70 za kupita. Ikikunjwa zinabaki 180, na mtoto anaweza kulala chini akacheza. Kwa urefu, meza ni 110, ongeza 60 kila ncha kwa ajili ya viti: 230 kati ya 366. Mlango unabaki huru.

Upande mrefu wa mbele ninashauri benchi badala ya viti viwili. Benchi la urefu wa 90, upana wa 28, kimo 45. Halina mgongo, mtu anavusha mguu tu anatoka, na likitoka kazini linakaa kando ya kochi likifanya kazi ya stuli.

Hatua ya 6: Mbao

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna bahati na paini. Msitu wa Sao Hill, kule Mafinga, ndio shamba kubwa la miti la serikali nchini, na malori yake yanapita barabara kuu kila siku. Paini ni nyepesi, inapigika randa vizuri, na kwa meza inayofunguliwa na kufungwa wepesi ni sifa. Mlingoti, yaani mkaratusi, usiuguse kwa kazi hii. Unapinda na kupasuka vichwani. Mninga ni mbao tulivu kuliko zote ninazozijua, inasinyaa kidogo sana, lakini bawa la mninga ni zito na bawaba zitalalamika. Kama una uwezo, weka mninga miguuni na paini juu.

Yapo mambo mawili kwenye paini ambayo sitakuruhusu uyapite haraka.

La kwanza ni dawa. Mbao nyingi za kuezekea zinauzwa zikiwa zimetiwa dawa ya kuzuia wadudu na kuoza, zina rangi ya kijani kijani. Dawa hiyo ina sumu. Usiitumie kwa uso wa meza ya chakula, wala mabaki yake usiyatie jikoni kama kuni. Omba mbao isiyo na dawa na uikague mwenyewe kwa kuikata kichwa.

La pili ni ubichi. Mbao ya juzi kutoka shambani ni nzito, ukiigusisha shavuni ni ya baridi, na ukiikata kwa msumeno unga wake ukiufinya kiganjani unashikana kama unga wa ugali uliolowa. Mbao kavu unga wake unamwagika. Ukitengeneza meza kwa mbao mbichi mwezi wa 3, mvua zikiwa bado zinanyesha, ikifika mwezi wa 8 hewa imekauka na uso wa meza umefunguka nyufa unazoweza kupitisha shilingi. Zipange mbao kivulini, juu ya matofali, kila tabaka ukitenganisha na vijiti vya unene mmoja, weka uzito juu, acha upepo upite kwa wiki 8 hadi 12 za kiangazi. Hakuna mkato hapa. Mteja mwenye haraka namwambia asubiri au aende kwa mwingine, na wengi husubiri.

Unachohitaji: mbao za 1x8 (hizi ni inchi, unene kwa upana, ndivyo zinavyouzwa) vipande 4 vya sentimita 112 kwa ajili ya uso na bawa, 2x2 za kutosha miguu 4 ya sentimita 73, 1x4 kwa mkanda wa juu na ubao wa chini, mbao za geti, bawaba 3 za bawa na 2 za geti, gundi nyeupe ya mbao, skrubu, bolti 8 na nati zake.

Hatua ya 7: Uso wa meza

Unganisha mbao 2 za 1x8 ubavu kwa ubavu upate uso wa kudumu, na 2 nyingine upate bawa. Zikishapigwa randa, mbili kwa pamoja zinatoa kama sentimita 38. Usitafute 40 kwa kubandika kipande chembamba; kipande hicho ndicho kitakachoachia kwanza. Angalia mistari ya umri kwenye vichwa vya mbao: kama ya kwanza imepinda kuelekea juu, ya pili igeuze chini, ili zikitaka kujipinda zizuiane.

Ubavu uwe umenyooka kabisa. Simamisha mbao mbili zikiwa zimegusana, shika juu kuelekea dirishani. Mwanga ukipita, piga randa tena. Paka gundi pande zote mbili, kaza kwa klampu. Kama huna klampu, zungusha kamba ya katani na uisokote kwa kijiti mpaka gundi itoke kwenye mstari.

Na hili la baridi: gundi nyeupe haipendi baridi. Chini ya nyuzi 10 inakauka ikiwa na unga mweupe na haishiki. Mwezi wa 6 na wa 7 mimi ninagandisha saa 5 asubuhi hadi saa 8 mchana tu, na kazi naiacha ndani usiku ule.

Hatua ya 8: Fremu na geti

Fremu ya nusu ya kudumu iwe na urefu wa 94 na kina cha 30 kwa vipimo vya nje. Juu yake uso wa 110 kwa 38 utatokeza sentimita 8 kila ncha, 2 nyuma, na 6 mbele. Zile 6 za mbele ni muhimu, utaona sababu.

Mkanda, yaani mbao za 1x4 zinazozunguka juu na kushika miguu, uunge na miguu ya ncha kwa ulimi na tundu: chonga ulimi wa sentimita 2 kichwani mwa ubao, toboa tundu lake mguuni kwa patasi, gundi, kaza. Fanya hivyo kwa ncha mbili za fupi upate jozi mbili za miguu. Mbao ndefu za mbele na nyuma zishike kwa bolti, ili meza ifunguke siku ya kuhama. Mkanda wa mbele uwe sawasawa na uso wa miguu, usiingie ndani. Chini, sentimita 15 kutoka sakafuni, funga ubao mwingine mrefu upande wa mbele.

Geti ni fremu ndogo ya upana wa 34, unene usiozidi 3. Mguu wake wa nje unafika sakafuni na kichwa chake kiko usawa mmoja na juu ya mkanda, yaani sentimita 73. Mguu wake wa ndani unafungwa kwa bawaba mbili katikati ya meza: moja kwenye mkanda, moja kwenye ubao wa chini. Geti likifungwa linalala bapa mbele ya mkanda, ndani ya zile sentimita 6 zilizotokeza, na bawa linaning'inia mbele yake bila kugusana. Likifunguliwa linasimama katikati ya bawa, na mguu wake unabaki kama sentimita 10 ndani ya ukingo. Kwa hiyo linapita kati ya watu wawili waliokaa benchi, na magoti ya kila mmoja yana upande wake.

Gandisha kipande kidogo cha mbao chini ya bawa pale mguu wa geti unapotakiwa kuishia. Bila hicho, mtoto ataupiga teke na chakula chote kitashuka.

Kufunga uso kwenye fremu usitumie gundi. Mbao inasinyaa na kupanuka kwa upana wake, si kwa urefu, na uso wa 38 unaweza kucheza nusu sentimita kati ya masika na kiangazi. Tumia vyuma vidogo vya pembe, na matundu ya skrubu yawe marefu kuelekea upana wa meza, ili skrubu iteleze. Ukigandisha, uso utajipasua wenyewe.

Bawaba za bawa zinakaa chini, kifundo chake chenye pini kwenye mstari kati ya uso na bawa. Moja katikati, mbili sentimita 12 kutoka kila ncha. Skrubu ziwe fupi kuliko unene wa mbao: uso ukiwa na sentimita 2, skrubu ya 1.5. Nimeona meza nyingi nzuri zilizotobolewa juu na skrubu ya kukadiria kwa macho. Toboa kwanza kwa kidrili chembamba, maana paini karibu na kichwa cha ubao hupasuka.

Mwisho, meza iliyokunjwa ina kina kidogo na kimo kikubwa, na mtoto akiining'inia itamwangukia. Weka kulabu mbili kutoka nyuma ya mkanda hadi ukutani. Wageni wakija unafungua kulabu, unaivuta meza, na upande wa nyuma wanakaa wengine wawili.

Hatua ya 9: Msasa na vanishi

Msasa namba 80, 120, kisha 180, kufuata mistari ya mbao. Pembe zote nne zizungushe kwa kikombe cha chai kama kipimo. Pitisha sanding sila (ile ya kuziba vitundu vya mbao kabla ya vanishi), msasa mwepesi, halafu vanishi mikono 3, juu na chini ya uso pia, maana upande ukiachwa mtupu unanyonya unyevu na meza inajipinda. Usipake jioni ya ukungu. Vanishi haipendi sufuria iliyotoka jikoni. Weka mkeka wa ukindu au ungo mdogo chini yake.

Hatua ya 10: Kuiweka mahali pake

Ukuta mzuri ni ule ulio karibu na jikoni usiotazamana na mlango wa nje, kwa sababu upepo wa Julai ukiingia unapoza ugali kabla hamjamaliza kunawa. Dirisha likiwa ubavuni ni zuri kwa kazi za shule. Taa ya katikati ya sebule haitafika vizuri ukutani, basi ongeza taa moja ya ukutani juu ya meza, kimo cha sentimita 150 hivi kutoka sakafuni, waya ukipita kwenye bomba lake na si nyuma ya bawa.

Jiko la mkaa lisisogezwe chini ya meza kwa ajili ya kuota moto. Najua baridi ilivyo. Lakini sebule ndogo iliyofungwa madirisha inajaa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamekufa wakiwa wamelala. Vaeni masweta, leteni chai.

Yule mama wa Ilomba aliuza meza ya kioo, na kochi moja akampa mdogo wake. Nilipopeleka meza ya bawa, sikuondoka mara moja. Niliomba wakae wote: yeye na mumewe kwenye ncha, watoto watatu kwenye benchi, wale wadogo wawili upande mmoja wa geti. Nikamwambia yule wa kati asimame aende kuleta chumvi. Akavusha mguu, akapita kati ya benchi na kochi, akarudi na chumvi, na hakuna aliyeinuka kumpisha.